Chumba cha mbao Mabanga kwa dola 120: shajara ya kazi

Jumamosi, 1 Juni 2024. Mahali naanzia

Naanza kuandika hii juu watu watatu ku kazi wameshaniuliza nitapamba chumba changu namna gani, na pia juu miye mwenyewe nilitafuta mtu mwenye amepamba chumba cha mbao na sikumpata. Picha zote zenye zinapita ku simu ni za nyumba za matofali, ukuta umepigwa simenti laini kama sahani, unaona kitanda cheupe, taa ya manjano, ua moja mu chupa, unasema ah, hii ni rahisi. Miye niko Mabanga, mtaa wa Goma, mu nyumba ya planshe, yaani mbao. Kwa wenye hawajafika Goma: mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, kuchimba fondasyo ni kazi ya nyundo na jasho, njo maana wengi tunajenga mbao juu ya mawe, tunafunika mabati, wiki mbili mtu ameingia na familia yake.

Nyumba iko na vyumba viwili, saloni na chumba. Napanga na mdogo wangu wa kike, yeye bado anasoma, 35$ kwa mwezi. Chumba ni mita 3 kwa 3.2, ukuta mita 2.4. Dirisha moja la mita 1 kwa 1, mlango moja. Plafo (dari) iko, ya tripleksi, na alama ya mvua mu kona. Mbao ni kalitusi (mkaratusi), hazijapigwa randa, na katikati ya mbao na mbao kuko nafasi zenye unaweza kupitisha kidole cha mtoto. Usiku upepo unaingia, mchana vumbi jeusi linaingia. Tunalala chini na matela (godoro).

Pesa: 120$, nimezipata ku likelemba (mchezo wa kuchanga pesa kwa zamu), zamu yangu ilifika tarehe 28. Nimeapa sipiti hapo. (Dola moja leo ni kama 2800 FC, nitaandika dola ili msichoke.)

Kitu cha kwanza chenye nimefanya si kununua. Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, ameniambia, "Wewe usipige hata musumari moja mbele bayeri hajaandika." Nilimuona kuwa mtu wa matata, lakini nimeenda. Bayeri, yaani mwenye nyumba, amesoma karatasi mara mbili, akasema sawa, napaka rangi napigilia, lakini vyenye viko na msumari vinabaki siku natoka, na yeye hagusi bei ya nyumba mpaka Juni 2025. Tumesaini wote, mama jirani shahidi. Gharama: zero. Mtaona mbele kama karatasi ile ndiyo kitu cha maana kuliko vyote.

Jumamosi, 8 Juni. Kusafisha, na rangi ya kwanza

Kuosha: maji, sabuni, brashi ya kufulia, maji yakatoka meusi kama ya sufuria ya makaa. Tumeacha siku tatu ikauke, dirisha wazi, na kwa sababu kiangazi kimeingia ilikauka vizuri. Kisha papie veri (msasa), mimi na mdogo wangu, siku mbili, mikono inauma. Usipige papie veri bila kitambaa ku pua.

Katikati ya wiki nilienda Birere, mtaa wa maduka, ku kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi), nikanunua rulo, brashi mbili na papie veri, vyote 8$, na rangi ya lateksi nyeupe ya lita 5 kwa 14$. Nimeuliza mama wa pale, "Mama, hii inafaa ku mbao?" Akasema, "Inaenda fasi yote, mwanangu." Bon. Inaenda kweli. Shida ni kwenye inaenda kisha kufika.

Leo asubuhi tumepaka kuta tatu. Saa sita ilikuwa nyeupe, nzuri, nimepiga picha nikatuma ku familia.

Jumapili, 9 Juni. Chai

Nimeamka nikaona ukuta umelia. Alama za rangi ya chai, ndefu, zinateremka toka ku kila fundo la mbao, na mahali pengine ubao mzima umegeuka kuwa wa manjano kama jino la mvuta tumbaku. Nilifikiri ni uchafu wenye tuliacha. Nimepaka tena ukuta wa upande wa dirisha, ule mbaya zaidi, nikangoja. Jioni chai imerudi.

Jumatano, 12 Juni. Maelezo ya fundi

Jumatatu nimepitia kwa fundi wa meza na vitanda mwenye anafanya kazi karibu na sekretariati yenye natumika, mahali pa kuchapa karatasi za watu. Nimemuonyesha picha. Hakucheka, lakini alikuwa anataka.

"Mama, hii ni kalitusi?"

"Ndiyo papa fundi."

"Na umeweka rangi ya maji?"

"Ndiyo."

"Basi umepika chai."

Maelezo yake, na nimeyahakikisha kwa kibao kidogo nyumbani: mbao kama kalitusi iko na maji yake ya ndani, tanini, ile ile yenye inafanya chai iwe chungu ukiiacha sana mu maji moto. Lateksi ni rangi ya maji. Ukiipaka ku ubao mtupu, maji yake yanaingia, yanayeyusha tanini, kisha wakati rangi inakauka maji yanatoka nje na kuja na ile tanini juu. Ukipaka tena lateksi, unaongeza maji tena, unapika tena. Unaweza kupaka mara nne, chai itarudi tu. Dawa ni kufunga ubao kwanza na rangi ya mafuta, juu mafuta hayayeyushi tanini, kisha juu yake ukitaka lateksi, weka.

Jaribio langu: nimekata kibao nikakigawa tatu. Upande wa kwanza lateksi mara mbili, wa pili rangi ya mafuta (ameniachia tone mu kikombe) kisha lateksi, wa tatu verni ya zamani kisha lateksi. Siku mbili: wa kwanza chai, wa pili safi, wa tatu safi lakini lateksi inabanduka ukikwaruza na kucha, juu verni ilikuwa inang'aa na sikuisugua. Kama ningefanya kibao hiki mbele ya kununua, ningekuwa na dola zangu. Kibao ni bure, wenye mtafuata njia hii muanze nacho.

Jumamosi, 15 Juni. Kufunga mbao

Rangi ya mafuta nyeupe, galoni ya lita 4, 18$. Terebentine 3$. Imeniuma kulipa, lakini nimepiga hesabu: ukuta wote ukitoa mlango na dirisha ni kama mita za mraba 27, na lita moja ikiwa ku ukuta laini inafunika kama mita 10, ku mbao yenye haijapigwa randa ni chini ya hapo. Nimepunguza kidogo na terebentine ili iingie mu nyufa za ubao, mkono moja tu (kupaka mara moja), ukuta wote. Imetosha, chini ya galoni ilibaki rangi ya kama kikombe.

Hapa niseme kitu sitaki mtu ache. Harufu ya rangi ya mafuta na terebentine si ya mchezo, kichwa kinauma, na ule mvuke unashika moto. Nyumba ya mbao, mbabula (jiko la makaa) iko mlangoni, mama jirani anapika sombe pembeni ya ukuta wenyewe. Nilimuomba asogee kwa siku mbili na akasogea, akiniambia, "Weye unatengeneza nyumba ya mutu kama ni ya kwako!" Tumelala saloni usiku tatu, mlango wa chumba umefungwa upande wetu, dirisha wazi, hakuna mshumaa, hakuna mbabula ndani. Muwe na mahali pa kulala mbele ya kufungua galoni.

Lateksi ya kwanza ilikuwa imebaki kama lita mbili, sikuitupa: nimeipaka plafo mara mbili, plafo ya tripleksi haikulia sana, mu kona tu penye mvua ilipita, na ile kona nikaipiga mafuta kwanza.

Jumapili, 23 Juni. Nyufa, au namna mastiki ilinidanganya

Nirudi nyuma kidogo. Tangu tarehe 5, mbele ya rangi, nilikuwa nimeziba nafasi zote za mbao na mastiki ya kujitengenezea: takataka ya msumeno (bure kwa fundi) na kola (gundi) ya mbao kilo moja, 4$. Unachanganya mpaka iwe kama bugali laini, unajaza na kisu. Ilikuwa nzuri sana. Nikapaka mafuta juu yake.

Wiki hii, kama wiki mbili kisha kuziba, yote imepasuka. Si mahali moja, yote, mstari mwembamba toka juu mpaka chini, na sehemu zingine zinatoka zima zima kama mkate mkavu. Fundi amekuja mwenyewe kuangalia, nafikiri nimekuwa kipindi chake cha kuchekesha. Ameweka mkono ku ubao akasema mbao hizi zilipigiliwa mbichi. Ubao mbichi ukikauka unapungua upana, na hata ukishakauka, mvua ikija unavimba kidogo, kiangazi unapungua, kila mwaka. Mastiki ngumu haiwezi kufuata. Unaziba mlango wenye unatembea.

Dawa: lata. Ubao mwembamba wa sentimita 4 au 5 unaofunika ile nafasi kwa juu. Lakini kuna siri mbili mu lata na nimezilipia, basi sikilizeni.

Ya kwanza, lata unapigilia upande moja tu. Msumari unaingia ku ubao wa kushoto, ule wa kulia unabaki huru chini ya lata. Nimeanza peke yangu, nikapigilia pande zote mbili juu nilitaka iwe ngumu, lata nane. Fundi alipoziona akasema zitapasuka au zitang'oa misumari, nikatoa misumari yote ya upande wa kulia, na mbili zikavunjika mkononi.

Ya pili ni yangu mwenyewe na najivunia nayo. Lata juu ya mbao isiyo na randa haikai sawa, upepo bado unapita pembeni. Karibu na rond-point kuko vijana wenye wanatengeneza motari (pikipiki), wanatupa shambreri (mipira ya ndani ya matairi) za zamani. Nimeomba nne, wamenipa, nikazikata vipande virefu vya sentimita 3, nikaviweka chini ya lata mbele ya kupigilia. Mpira unajibana, unajaza mashimo, na ubao ukitembea mpira unafuata. Usiku wa kwanza nilisikia kimya. Mdogo wangu akaniuliza, "Yaya, kwani upepo hauko leo?"

Kununua mbao mpya kwa lata haikuwezekana. Tangu barabara ya Sake ikatike mu mwezi wa pili, mbao za upande wa Masisi zinafika kwa shida na bei imepanda. Fundi ameniuzia vipande vyenye anabakiza, vifupi vifupi, 9$ kwa vyote, misumari 2$. Ndiyo sababu ukiangalia vizuri lata zangu ziko na viungo. Nimepanga viungo viwe kwa urefu moja ukuta wote, sentimita 90 toka chini, na hii ndiyo ilinizalia mawazo ya subasma, ile sehemu ya chini ya ukuta yenye inapakwa rangi yake tofauti.

Jumapili, 30 Juni. Rangi ya kweli

Sikukuu, hakuna kazi, nimepaka siku nzima.

Nyeupe nimeacha. Si juu ya chai tu, chai imekwisha. Ni juu ya vumbi. Goma mu kiangazi, vumbi letu ni jeusi, ni volkano yenye imesagwa na matairi, na ku nyeupe inaonekana kesho yake asubuhi. Picha za simu zinatoka mahali penye vumbi halina rangi.

Chini, sentimita 90, rangi ya mafuta ya kijivu nzito karibu na jeusi, lita 1, 6$. Imetosha kwa shida, mkono moja tu. Juu yake, lateksi mpya lita 5, 14$, na vitubu vya rangi vya 2$, okra (manjano ya udongo) na kahawia kidogo, mpaka ikawa rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo, nimepigana na chai wiki tatu ili mwisho nipake chai. Mikono miwili.

Changanyeni ndoo nzima kwa mara moja. Usichanganye nusu useme nusu nyingine kesho, kwa jicho huwezi kupata ile ile tena. Na jaribu ku ukuta, ngoja ikauke, juu ikikauka inabadilika, hii yangu iliongezeka giza kidogo.

Subasma nyeusi imefanya kazi nne: inaficha vumbi, inaficha alama za viatu na ndoo, unaipangusa na kitambaa chenye maji bila rangi kutoka, na mstari wa sentimita 90 umeficha viungo vya lata zangu za vipande. Mtu akiingia anasema ni mtindo.

Jumamosi, 6 Julai. Kitanda cha palete

Palete (vitanda vya mbao vya kupangia mizigo) mbili kwa kijana wa depo, 5$ moja. Mbele ya kulipa angalieni alama yenye imechomwa ku pembeni ya palete. Ikiandikwa HT, mbao ilitibiwa kwa moto, hakuna shida. Ikiandikwa MB, walitumia dawa ya gesi ya kuua wadudu, hiyo muache, usilale juu yake. Isiyo na alama na yenye madoa ya mafuta, acha pia. Nimechagua kama dakika ishirini kijana anaguna.

Chukudu (baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) mpaka nyumbani, 3000 FC, tuseme 1$, na yule papa wa chukudu akanisaidia kuingiza bila kuomba kitu. Nikampa chai, ile ya kunywa.

Sasa kosa. Matela yetu ni sentimita 140 kwa 190. Palete ni 120 kwa 100. Nimeziweka mbili kwa urefu: 100 na 100 ni 200, upana 120. Nikasema sentimita 10 kila upande zitaning'inia, si kitu. Kumbe ni kitu sana. Pembeni ya matela ndipo watu wanakaa. Mdogo wangu alikaa kuvaa viatu, matela ikainama, akateleza mpaka chini na kiatu kimoja mkononi, na tangu siku ile anakaa katikati kama chifu.

Nimenunua shevro (mbao nene) mbili za mita 2 na ubao moja, 7$, fundi akazifunga pembeni, sentimita 10 kila upande, sasa matela imekaa yote. Ukiwa na matela ya 120 huhitaji hii. Piga hesabu ya matela yako mbele, si ya palete. Palete zimepigwa papie veri yenye ilibaki na kupakwa ile rangi ya kikombe ya galoni. Hewa inapita chini ya matela, kwa nyumba karibu na ziwa hii ni ya maana, na chini tumeweka masanduku mawili ya nguo.

Jumamosi, 13 Julai. Rido (pazia)

Kitenge cha yadi 6, kama mita 5.5, ku Birere, 8$. Mwanzi wa kutundika na mshonaji, vyote 7000 FC, yaani 2.5$.

Dirisha letu ni dogo, mita moja. Nimetundika mwanzi sentimita 15 chini ya plafo, si juu ya dirisha, na upana mita 1.6, kitambaa kinashuka mpaka chini. Ukiangalia unafikiri dirisha liko kubwa mara mbili na ukuta ni mrefu, na mchana rido inakaa ku ukuta si ku kioo, basi mwanga wote unaingia. Vipande viwili vya mita 2.35 kila kimoja, vyenye vilibaki tumeshona mafoliti mbili za mito.

Kosa: kitenge changu ni cha ndege. Nimekata bila kuangalia kichwa cha ndege kiko wapi. Upande wa kushoto wanapanda, upande wa kulia wanaanguka. Mshonaji aliona, akashona, akanyamaza, nikamuuliza kwa nini hukusema, akajibu, "Nilijua kama njo unapenda, mama." Sikurudia. Mdogo wangu anasema hawa wanaenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wale wanarudi.

Jumamosi, 20 Julai. Taa, hapa nakaa kidogo

Kama uko na 10$ tu na huna kitu kingine, weka zote ku taa. Nasema hii na roho nzima juu niliona na macho. Tulikuwa na ampule (balbu) moja katikati ya plafo, nyeupe baridi. Nikanunua ingine kama ile kwa 1$ bila kuwaza, nikaweka mu kikapo kama kivuli, nikawasha, chumba kikawa farmasi. Rangi ya chai ya maziwa ikawa rangi ya mgonjwa. Nilikaribia kulia, nikafikiri nimeharibu rangi.

Ku kartoni ya ampule kuko namba. Ile ya 6500 K ni nyeupe yenye inaelekea bluu, nzuri kwa duka. Ya 2700 au 3000 K ni ya manjano, kama moto. Nimezunguka maduka matatu juu wengi wanaweka tu ile nyeupe, watu wanafikiri ile njo inatoa mwanga mwingi. Nimepata LED ya wati 7, 3000 K, kwa 2$. Ukuta ule ule, rangi ile ile, na mtu angeapa tumepaka tena.

Kikapo ni cha mianzi cha kawaida, cha soko, 3$, nimekigeuza na kutoboa shimo chini. Duya (ya kushikia ampule) na waya, 3$. Nimekitundika si katikati, ni ku kona upande wa kichwa cha kitanda, chini, urefu wa kifua cha mtu akisimama. Usiku vivuli vya mianzi vinaingia ku ukuta na lata zinafanya mistari, ni kitu chenye sikukipanga.

Tahadhari: kikapo na LED tu. Zile ampule za zamani za waya ndani, za wati 60 au 100, zinawaka moto wenye unaweza kuchoma kidole, usiziweke karibu na kikapo wala kitambaa, na zaidi mu nyumba ya mbao, avenue moja inaweza kwenda yote kwa mchezo wa mtu moja. Waya nimemlipisha fundi wa kura (umeme) jirani kwa kumpigia CV yake bure ku sekretariati. Na kash pawa (umeme wa kulipia mbele) inaenda polepole zaidi kuliko mbele, wati 7 haili kitu.

Jumamosi, 27 Julai. Vitu vidogo

Mashuka mawili ya balo (mitumba), 4$ moja. Nilishika nyeupe, nikakumbuka vumbi, nikaacha, nikachukua rangi ya mchanga. Kuchemsha, kupiga pasi.

Kioo: kabati yenye ilivunjika, mkata vioo amenikatia kipande cha mita 1.2 kwa sentimita 40, 6$, na kusugua pembeni ili isikate. Kiko ku ukuta wa pembeni ya dirisha, kinachukua mwanga na kuurusha ku kitanda. Yaya hakutaka kiangaliane na kitanda, ana sababu zake.

Mawe: bure. Nimeokota jiwe la volkano nyuma ya choo, jeusi, lenye mashimo mashimo, nikaliosha na brashi, linazuia mlango usijifunge. Lingine dogo liko ku meza, mdogo wangu anachomeka kalamu mu mashimo. Wageni wote wanaligusa. Jiwe lenye tunalaani kila siku tukichimba choo.

Jumamosi, 3 Agosti. Hesabu, na bayeri

Rangi zote na terebentine 57$. Rulo, brashi, papie veri 8$. Kola ya mastiki 4$. Lata na misumari 11$. Kitanda 18$. Rido 10.5$. Mashuka 8$. Taa pamoja na ampule ya farmasi 9$. Kioo 6$. Jumla 131.5$.

Nimepita 11.5$. Ukitoa zile lita tatu za lateksi zenye zilikuwa chai (8.4$), kola (4$) na ampule (1$), ni 13.4$ za makosa. Kama mtu ananifuata bila makosa yangu anabaki chini ya 120 na soda moja juu.

Na yenye nilisema ya karatasi. Bayeri amepita jana kwa mambo ya maji. Akaomba kuona. Amesimama mlangoni, ameangalia subasma, ameangalia ndege, amewasha taa akazima akawasha tena. Akasema polepole, "Kumbe chumba hii iko muzuri hivi." Akanyamaza. "Wapangaji wa 50$ banaweza kukubali fasi kama hii." Nikamjibu, "Ni kweli papa bayeri, aksanti," nikaenda kuchukua karatasi mu sanduku chini ya kitanda, si kwa ubaya, nikaiweka ku meza pembeni ya jiwe. Ameisoma mara ya tatu. Akaomba jina la fundi wa lata.

Bado moja. Nyuma ya mlango kuko nafasi yenye sikufunika, lata ziliisha. Usiku upepo ukitoka upande wa mlima Nyiragongo inapiga filimbi, nota moja tu, mdogo wangu ameshaizoea anasema bila ile halali. Fundi anasema atapita Jumamosi na kipande. Shambreri niko nayo.